Tupeane uzoefu: ni lini ulishtuka ukaona kweli umekua?

Mama Wali (mwenye mada)
Habarini wakuu. Mtoto akikua mnaona, suruali inapanda juu ya kifundo basi. Mtu mzima je? Nianze mimi. Nauza chakula Ubungo, nilianza na jiko moja la mkaa na sufuria tatu, saa nane mchana nimemaliza. Watu wakanisifia, 2021 ile stendi ya Magufuli ilipofunguliwa Mbezi nikaenda kufungua kibanda cha pili huko, nikijua abiria hawaishi. Miezi saba tu nadaiwa mchele, nadaiwa mkaa, nadaiwa kodi, maana nilikuwa sijui hata sahani moja inanigharimu shingapi, mafuta namimina kwa macho, hela ya mauzo na ya nyumbani zinalala kopo moja. Nikafunga. Nililia jamani. Ndo nikanunua kaunta buku, nikaandika kila kitu hadi chumvi, na nikajipangia posho yangu ya siku, ikiisha imeisha. Leo nina kibanda kimoja kilekile na sidaiwi na mtu. Mtaani wanasema nimerudi nyuma, mimi naona nilikua siku ile niliyofunga. Nyie je?

Wa Goba
Dada pole na hongera. Mimi ni mtaa. Nimehamia huku 2012 pori, usiku tunasindikizana na tochi. Sensa ya mwaka ule Dar ilikuwa na watu milioni 4.36, ya 2022 ikaja milioni 5.38, basi hao waliozidi baadhi ndo majirani zangu. Lami imekuja, maji yamekuja, sipingi, nilivitaka sana. Ila mwaka jana kulikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwangu, nimekuja kujua baada ya siku nne, ukuta mrefu geti limefungwa. Zamani ungesikia kilio ukatoka na kanga yako. Tumeanzisha kagrupu ka wasap ka mtaa na buku mbili mbili za rambirambi kila mwezi, tuko kaya 19 sasa.

Fundi Umeme
Nilipewa usimamizi wa vijana sita nikawa nafanya kazi yao yote mwenyewe, dogo akikosea kuunga waya namnyang'anya koleo. Usiku silali. Mzee mmoja pale saiti akaniambia mwanangu weka mikono mfukoni. Nilikaa hivyo wiki nzima, roho inauma kweli, lakini yule dogo sasa hivi anafunga nyumba nzima peke yake.

Mweka Hazina
Kikoba chetu tulianza 15, tukafika 42, tukajiona tumekua. Kumbe hatujuani! Watu wakakopa wakahama na simu wakazima, Desemba tulipovunja kikundi mgao ukawa mdogo kuliko hisa tulizoweka, kuna mama alitegemea hiyo hela kwa ada ya mtoto, sisahau uso wake. Tukagawanyika vikundi viwili, tukarudi kwenye watano watano wa kudhaminiana kama tulivyofundishwa mwanzo. Yule mama tulimchangia.

Baba Mapacha
Mimi ni nyumbani. Binti yangu wa fomu tuu alinijibu nikanyanyua mkono, akasema baba naomba nimalize kueleza. Nikashusha. Alikuwa sahihi, na nikamwambia uko sahihi mbele ya mama yake. Kwa baba yangu hilo neno sijawahi kulisikia.

Mgeni wa Jiji
Mama Wali samahani, nataka kuanza biashara kama yako. Kilo moja ya mchele unatoa sahani ngapi?

Mama Wali
Saba mdogo wangu, nikipima kwa bakuli lilelile. Zamani nilikuwa napakua kulingana na mteja alivyonisalimia. Nunua kwanza bakuli, sufuria la pili litasubiri.