Ma'mkubwa anaenda Nairobi kwa ndege, NIDA inatosha au mpaka pasi?

BintiChumbageni:
Habarini wana Tanga, naomba msaada. Ma'mkubwa wangu ana miaka 68, binti yake kaolewa Nairobi na kajifungua juzi juzi, sasa wanataka aende kumuona mjukuu kwa ndege kutokea Dar maana magoti yamechoka, basi la kupitia Horohoro hataki hata kulisikia. Shemeji anasema aende tu na kitambulisho, eti wao wakienda Uganda wanaonyesha kitambulisho wanapita. Ma'mkubwa pasi hajawahi kuwa nayo, ana kitambulisho cha taifa cha NIDA basi. Safari mwezi ujao. Ni kweli? Na viza je?

Ngamiani_Barabara12:
Shemeji yako hadanganyi ila anaongelea ya kwao. Kuvuka kwa kitambulisho walikubaliana Kenya, Uganda na Rwanda, ikaanza 2014, sisi hatumo. Mtanzania ni pasi, au ile hati ya dharura ya safari ya elfu 20. Viza hamna, na kile kibali cha mtandaoni walichoanza Kenya 2024 hakituhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mimi ningemtolea pasi, 150,000 lakini anakaa nayo miaka 10, mjukuu wa pili akizaliwa hamhangaiki tena. Muda ukibana chukueni hati ya dharura ila pigieni kwanza shirika la ndege kabla hamjalipa tiketi, maana mtu wa kaunta pale Dar akikataa ndio safari imeishia hapo.

MamaWawili:
Dada mimi nakwambia angalia JINA. Mamangu NIDA imemuandika Mwanamisi, kiapo cha kuzaliwa kikaandikwa Mwanahamisi, hiyo "ha" moja ilitutembeza wiki tatu, mara kwa wakili mara turudi kurekebisha, na nauli zote juu yangu. Wazee wetu wengi cheti cha kuzaliwa hawana, wanakwenda na kiapo, sasa siku mnaandikisha hicho kiapo mshike NIDA mkononi mnakili herufi kwa herufi. Na uhamiaji wanataka na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wake, yaani bibi aliyezaliwa enzi za Mwingereza, hapo jiandaeni na kiapo kingine. Tiketi nayo shemeji asije akakata kwa jina la mtaani, lifanane na la kwenye pasi. Anzeni kesho, Tanga ni waja leo waondoka leo lakini pasi haiendi hivyo 😂

Raskazone77:
Wote mmesahau homa ya manjano. Wakati wa kurudi ndio ataulizwa ile kadi ya njano ya chanjo, kwa sababu Kenya ipo kwenye nchi zenye ugonjwa na huku wanaidai kwa anayetoka kule. Sindano inahesabiwa baada ya siku 10 kwa hiyo msiende kuchoma siku ya mwisho, na ukichoma mara moja kadi ni ya maisha. Ila ma'mkubwa keshapita 60, umri huo chanjo hiyo inataka uangalifu, aonane na daktari kwanza amwambie na dawa anazotumia. Daktari akiona haimfai anaandikiwa cheti cha kusamehewa. Na hayo magoti, wakati wa kukata tiketi ombeni kiti cha magurudumu, hakilipiwi, usisubiri mpaka mfike uwanjani ndio uanze kutafuta watu.

BintiChumbageni:
Jamani Mungu awabariki. Nimekwenda kuchungulia NIDA yake sasa hivi, jina la baba limekosewa herufi moja 🙈 MamaWawili umeniokoa. Tiketi bado haijalipwa, nimemwambia shemeji asubiri, na safari tumeisogeza mbele. Imebaki moja, ma'mkubwa kashikilia lazima abebe machungwa ya Muheza kiroba kizima, kwamba ya huko Nairobi hayana maji. Inawezekana?

Ngamiani_Barabara12:
Machungwa aache, matunda mabichi kuvuka nayo yanataka karatasi za ukaguzi wa mimea, atanyang'anywa huku anaangalia na ataumia zaidi ya magoti. Mpikieni visheti.

MamaWawili:
Visheti na kashata. Na mfungashe vizuri, kanga za mtoto ziwe juu.