Newala nachekesha, Dar wananitumbulia macho: nihame au nibaki?

Karani wa Msimu:
Wakuu, heshima yenu. Mimi kijana wa Newala. Msimu wa korosho nikipata kibarua cha ukarani AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) nashika, nje ya hapo ni MC wa harusi na sherehe za kutoka jando. Siku hizi nimeingia kwenye stendapu. Nina kipande cha mjomba aliyeuza korosho kwa kangomba, yaani kimagendo, kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa, siku ya mnada anajificha chooni. Tandahimba waliangusha viti.

Nikapata nafasi Dar. Kipande kilekile, ukumbi kimya. Kuona hawaijui kangomba, nikaanza kueleza stakabadhi ghalani (unaweka korosho ghalani, unapewa risiti, unasubiri zinadiwe), mnada, makato... nikawa natoa semina. Aliyepanda baada yangu akaigiza lafudhi ya Kimakonde tu, watu hoi. Mratibu ananiambia nihamie Dar na niongeze "umakonde". Sitaki kuwa Mmakonde wa katuni. Ila huku hela inaonekana Oktoba hadi Desemba, ikifika Machi hata harusi hamna. Nifanyeje?

Kuchele:
Weka hicho kichekesho hapa tukipime. Isije ikawa Tandahimba walikuwa wamelewa.

Mama Chikongola:
Mwanangu, oa kwanza.

Fundi Maiki:
Mama, kaomba ushauri wa kazi 😂

Mdogo wangu, nimefunga spika kwenye maonyesho mengi Dar. Tatizo si kangomba. Kwenye harusi watu wanamjua bwana harusi, wameshiba, wako upande wako kabla hujafungua mdomo. Stendapu wamelipa kiingilio wakukague. Ukianza na kitu wanachopaswa kufundishwa, umekwisha. Anza na deni. Deni linajulikana mpaka Mwanza. "Mjomba wangu amekula hela za korosho ambazo bado ni maua mtini." Tayari wameijua kangomba, na hujaieleza.

Karani wa Msimu:
Duh. Halafu naongeza: salfa, dawa ya mikorosho, ananunua yeye, anapulizia kwa uchungu, upepo ukivuma anatoka nje kuyabembeleza maua ya watu.

Fundi Maiki:
Umeona? Sasa usikimbilie kukirusha TikTok. Kizungushe kwanza Masasi, Lindi mjini, Mtwara. Rekodi sauti kila ukipanda, usikilize wamecheka wapi, si pale ulipodhani. Dakika tano zinazochekesha kila mahali ni kazi ya miezi.

Wakili wa Shangani:
Kuhama si lazima. Marehemu Mzee Majuto alichekesha nchi nzima na kwake ni Tanga. Ila mjifunze pia upande wake wa pili: mwaka 2018, mwaka aliofariki, serikali iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya kwake ikiwemo. Mtu anayechekesha kiasi kile, na bado mikataba yake ikabidi ipitiwe! Kwa hiyo huyo mratibu akikuita tena, iwe kwa maandishi: unalipwa lini, video ni ya nani, akiirusha mtandaoni unapata nini. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Na ukiandaa onyesho lako huku, muone afisa utamaduni wa halmashauri mapema, usije ukafungiwa ukumbi watu wameshaingia.

Kuchele:
Mimi napinga kidogo. Lafudhi ni yako, kwa nini umwachie mwingine aile? Watani wetu wanatucheka kila siku na hatufi.

Karani wa Msimu:
Kaka, mtani akinicheka na mimi namcheka, msibani kwake naenda. Yule wa Dar hajawahi hata kuonja ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha huku. Lafudhi nitaongea kwa sababu ndiyo ninayoongea, lakini kichekesho kiwe mjomba na madeni yake.

Fundi Maiki:
Hapo sawa. Dar nenda urudi, lala kwa ndugu. Ukiitwa mfululizo na nauli wanatoa wao, ndiyo fikiria chumba.

Karani wa Msimu:
Nashukuru wakuu. Jumamosi nina harusi Masasi, nakijaribu kabla wali haujatoka.

Kuchele:
Mjomba mwenyewe kaalikwa?

Karani wa Msimu:
Ndiye baba mlezi wa bi harusi.