Naomba ushauri: vifaa gani vinahitajika kabla sijalipia kozi ya kupanda mlima?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naishi Malindi, na kwa muda mrefu nina hamu ya kujifunza kusafiri kwa miguu, shanta mgongoni, usiku nalala kwenye hema. Nimepata kozi ya siku 5 Mlima Kenya, mwisho wake kufika kilele cha Point Lenana, mita 4,985. Ada nimeshaikusanya. Kinachonikwamisha ni vifaa.

Nilipouliza nije na nini, nikajibiwa orodha nitapewa nikishalipa. Kwangu hilo si sawa kabisa. Huku kwetu ni joto, hata blanketi nalitoa kabatini Julai tu. Sina koti zito, sina buti, sina begi la kulalia la baridi kali, na kule juu usiku maji huganda. Nikilipa kisha niambiwe ninunue vyote, pesa nitatoa wapi?

Mliokwenda, nielezeni: kipi lazima kiwe changu, na kipi naweza kukodi kule Naro Moru, mji ulio chini ya mlima? Shanta ya lita 60 yatosha? Na buti za mitumba, mnaziamini, au soli hubanduka njiani? Hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, maana viatu vipya huchubua, na nataka nivizoee mapema, hata kwa kutembea navyo ufuoni kila alfajiri.

Nguo za pamba najua zikilowa huchelewa kukauka. Sweta ya sufu itafaa chini ya koti la mvua?

Kozi inaanza mwezi ujao. Nawasubiri.