Matairi yaliyovalishwa mpira upya: sheria ya Marekani inadai nini?

MsafiriOhio: Ndugu zangu madereva, salaam. Nimenunua tela lililotumika hapa Ohio, na katika kulikagua nimeona kwamba matairi manne kati ya manane yamevalishwa mpira upya. Ubavuni, mbali na alama ya DOT (Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) ya kiwanda cha kwanza, pamegongwa DOT-R na tarakimu zinazoishia na 2321. Je, kuna mtihani wowote wa serikali ambao matairi haya yamelazimika kuufaulu? Na je, naruhusiwa kuyafunga mbele, kwenye kichwa?

FundiMkongwe: Alama hiyo ya DOT-R ni ya karakana iliyoyavalisha, na sheria inailazimisha kuigonga. Herufi za mwanzo hutaja karakana yenyewe, na tarakimu nne za mwisho ni wiki ya 23 ya mwaka 2021, ili kasoro ikigundulika ijulikane matairi yalikotoka. Lakini usiichukue kama cheti cha kufaulu. Kiwango namba 117, kinachoweka vipimo vya matairi yaliyovalishwa upya, kinahusu magari madogo ya abiria tu. Kwa malori hakuna kiwango cha shirikisho cha namna hiyo. Mwili wa tairi lako ulijaribiwa ulipokuwa mpya, chini ya kiwango namba 119, na baada ya hapo umetegemea uangalifu wa aliyekwangua kashata (meno ya tairi) za zamani na kubandika mpya. Wenzetu wa Ulaya wamebanwa zaidi: Kanuni namba 109 ya Umoja wa Mataifa, ambayo Umoja wa Ulaya uliifanya ya lazima mwaka 2006, hudai karakana iidhinishwe na sampuli zake zijaribiwe.

Mama_Tela: Kuhusu kufunga mbele, kanuni ya shirikisho 393.75 inakataza kwa mabasi peke yake. Lori halikukatazwa, mradi kina cha kashata za mbele kisipungue inchi 4/32, na kwingine 2/32. Mimi, hata hivyo, sijawahi kufunga la namna hiyo mbele, kwa sababu likipasuka hapo ni usukani unaokuponyoka, ilhali nyuma kuna pacha wake wa kubeba mzigo kwa muda.

Kasim_wa_I70: Naomba tusiyaonee. Vile vipande vya mpira barabarani watu huvisingizia uvalishaji, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliofanywa mwaka 2008 kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani uliona vinatoka hata kwenye matairi mapya, na joto linaloletwa na upepo pungufu likatajwa miongoni mwa sababu kubwa. Pima upepo kabla ya safari, tairi likiwa limepoa.

MsafiriOhio: Ahsanteni sana. Nimerudi kusoma ile DOT ya kwanza: matatu ni ya 2017, ila moja linaishia na 0908. Hilo nalitoa kesho asubuhi kabla sijapakia.