Naomba ushauri: riwaya za sauti za kijasusi na za kutisha

Ndugu wasomaji, shikamooni wakubwa, na kwa wengine habari za kazi. Ninaishi Kirumba, Mwanza, pamoja na baba yangu, ambaye amependa riwaya za kijasusi tangu mwandishi Elvis Musiba alipotuletea jasusi Willy Gamba katika riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, lakini sasa macho yake hayamruhusu tena kusoma. Humsomea mwenyewe jioni, ila kazi ya zamu hunizuia mara nyingi.

Nimemtafutia simulizi za sauti mtandaoni. Nyingi za kutisha zimejazwa muziki na mayowe hadi maneno hayasikiki, ilhali kwa maoni yangu hofu hujengwa na msimulizi anayejua kunyamaza kidogo kabla mlango haujafunguliwa. Za kijasusi nilizozipata zimekatwa vipande vipande na mwisho wake haupatikani, jambo linalomsononesha sana mzee.

Naomba kuuliza: ni riwaya gani ya Kiswahili, ya kijasusi au ya kutisha, mliyoisikiliza hadi mwisho ikisomwa kwa sauti moja iliyo wazi? Na je, kwa mzee anayesikiliza peke yake usiku, mngeanza na aina ipi kati ya hizo mbili?

Natanguliza shukrani.