Naombeni ushauri: waya wa kutoka DB (boksi la breka) kubwa kwenda DB ya karakana, mm ngapi?

Habari wakuu, nina kibanda cha kuchomelea nyuma ya nyumba hapa Mbagala, kutoka DB ya nyumbani mpaka kibandani nimepima kwa futi kamba nikapata mita 45. Umeme ni singo fezi. Mashine ya kuchomelea, kompresa ndogo, grainda na taa mbili, nikipiga hesabu vikiwaka pamoja ni kama ampia 30.

Sasa hivi fundi wa kwanza alinivutia waya wa mm 4, yaani nikigusisha tu elektrodi kwenye chuma taa zinafifia mpaka mama watoto anapiga kelele jikoni, na kompresa inanguruma tu haizunguki. Nimemuuliza akasema waya haupati moto basi unatosha, hapo ndo nikaanza kumtilia shaka maana nimesoma kwamba mm 4 ya kopa kwa umbali huo na ampia 30 inakula karibu volti 15 njiani, mm 6 kama 10, mm 10 inashuka mpaka 6 hivi.

Fundi wa pili anataka mm 16, bei yake sasa jamani!

Mimi naona mm 10 na breka ya 40 huku nyumbani. Niko sawa au nipande 16 maana baadae nataka niongeze mashine ya pili? Na erthi, nichimbie rodi nyingine kule kibandani au ya nyumbani inatosha? Waya nataka kuufukia chini, mvua zikianza nimechelewa.