Mwanangu anavaa soksi mbili kwenda chuoni: nimwambieje baba yangu?

Asalamu alaykum na habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Dunda hapa Bagamoyo.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 10. Akitoka shule hula, hubadili nguo, kisha huenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani, mpaka Magharibi. Jumatatu moja nilimkuta barazani anavaa soksi, na juu yake anavaa nyingine, kwa joto hili letu la Februari. Nilipomuuliza alinyamaza kwanza, ndipo akasema kwamba anayekosea aya hupigwa nyayoni, na kwa kuwa mwalimu hana desturi ya kuwavua soksi, mbili hupunguza.

Mwalimu huyo alichaguliwa na baba yangu, ambaye amekwisha kuwaahidi wenzake kwamba mjukuu wake atahitimu msahafu kabla ya Mfungo Sita na kusoma mbele ya watu katika maulidi. Nyumbani kwetu mfano ni mmoja siku zote: Sheikh Yahya Ramiya, aliyefika pwani hii akiwa mtoto mtumwa, na akafariki mwaka 1931 akiwa mwanachuoni wa kutajika. "Yeye hakuwa na baba wa kumlipia ada, wewe unaye." Nami niliambiwa maneno hayo hayo.

Nilisoma kwa bakora. Nilihitimu, nikasoma mbele ya watu, nikatunzwa kanzu. Na leo, nalisema hili kwa kuwa hamnijui, swala yangu hukamilika pale tu baba anaponitazama. Sitaki mwanangu aache kusoma, nataka asome bila hofu. Nimwambieje mzee wa miaka 72, ambaye hata nyumba ninayolala aliijenga yeye, kwamba ninamtoa mjukuu wake kwa mwalimu huyo?

Mzee wa Makorora: Sisi wa Tanga tulitiwa falaka, tukafungwa miguu na kupigwa nyayoni, na hatukufa. Mtoto mkimwonea huruma kwenye Kurani, kesho atawatia aibu mbele ya watu. Mwache amalize.

Ustadhi wa Ngamiani: Shikamoo mzee wangu, lakini hapo sikubaliani nawe, nami nimefundisha chuo miaka 18. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inasema mtoto aamrishwe swala akifika miaka 7, na apigwe kwa kuiacha akifika 10. Inazungumzia swala, haimzungumzii mtoto aliyekosea irabu, na wanavyuoni wameshurutisha kwamba pigo lenyewe lisiwe la kuumiza. Tena tazama miaka 3 iliyopo katikati: kwa vipindi vitano kila siku, mtoto anakumbushwa kwa maneno zaidi ya mara 5,000 kabla fimbo haijatajwa. Nani kati yetu walimu amewahi kusubiri hivyo?

Kwa muulizaji: usiende kwa mzee na neno "ninamtoa". Nenda na jina la mwalimu mwingine ambaye yeye mwenyewe anamheshimu, kisha umwombe ampeleke mtoto kwa mkono wake.

Binti wa Misheni: Mimi ni Mkatoliki, nimekulia jirani na Misheni ile ya Bagamoyo ya mwaka 1868, na nilidhani mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Mama aliniwekea nadhiri ya utawa kabla sijajua kusoma, na kila mgeni aliyeingia alitambulishwa kwa "sista wetu". Nilipokataa, nikiwa na miaka 16, mama alikula chakula amenipa mgongo kwa muda mrefu. Aliyenisaidia ni shangazi, kwa sababu yeye aliweza kumwambia mama lile nisiloweza mimi. Je, baba yako hana dada?

Karani wa Chumbageni: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili kwa mtoto. Ijue, lakini usiitaje mbele ya mzee. Ukiitaja, mazungumzo yamekwisha.

Muulizaji: Ahsanteni nyote, hata mzee wa Makorora, kwani ameniandikia sawasawa na vile baba atakavyosema. Dada yake yupo Kaole, amemzidi umri, na ndiye aliyemlea. Jana nilimweleza yote naye anakuna nazi, hakuniinulia uso. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, soksi hizo ziko wapi. Nimempelekea asubuhi hii. Amesema atakuja Ijumaa baada ya swala, nazo.